Milango Mitano ya Bunduki: Somo kutoka Merikit

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu chini ya sauti ya mtangazaji.)

Kama uko chini ya mti na kikundi chako cha kusikiliza, karibuni nyote. Kama redio haikukufikia na unasoma karatasi hii, karibu vilevile. Maneno ni yale yale.

Leo tunaanza na hodi ya usiku.

Tuseme ni saa nne. Watoto wamelala. Mtu anabisha mlangoni kwako, na ukifungua unamkuta kijana unayemfahamu kwa sura, pengine wa kabila lako, pengine mliwahi kupanga foleni moja ya chakula. Mkononi ana gunia lililofungwa kwa kamba. Anasema, "Mama, niwekee hili hadi Ijumaa tu. Nitakupa kitu kidogo cha sabuni." Unalipokea. Ni zito upande mmoja, na ndani kuna chuma.

Ungefanya nini? Usijibu sasa. Weka swali hilo moyoni, tutalirudia mwishoni. Kwanza twende pamoja mpaka mpakani mwa Uganda na Kenya, tuone jinsi serikali za huko, kuanzia kijijini, zinavyojaribu kuhakikisha bunduki haimfikii mtu asiyefaa kuwa nayo. Ukiielewa njia halali ya bunduki, utaelewa pia kwa nini lile gunia ni hatari kwako.

SEHEMU YA KWANZA: MERIKIT NI WAPI, NA KWA NINI TWENDE HUKO

Merikit ni gombolola katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Ni nchi ya wakulima, na wengi wao ni Waiteso. Kutoka mji wa Tororo barabara moja inakwenda Malaba, nyingine Busia, nyingine Mbale. Malaba na Busia ni miji ya mpakani: nusu iko Uganda, nusu Kenya. Busia ndiko boda boda zilikopata jina, tangu enzi za baiskeli zilizobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Siku hizi kuna vituo vya pamoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Lakini pembeni ya vituo hivyo zipo njia za panya, na yanayopita huko hayaandikwi popote.

Wakimbizi wengine wanaifahamu Tororo vizuri. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kugeuka vita vya majirani, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba wakiwa na magodoro kichwani. Walipokelewa Mulanda, katika wilaya hiyo hiyo ya Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo watu wa huko hawahitaji kuelezwa vita ni nini. Wameviona vikija kwa miguu.

Na bunduki pia wameziona. Kaskazini kwao uko Mlima Elgon, ambako upande wa Kenya, kati ya 2006 na 2008, kundi lililojiita SLDF liliwasumbua wananchi kwa silaha, hadi jeshi la Kenya likaanzisha operesheni ya Okoa Maisha mwezi Machi 2008. Familia nyingine zilikimbilia Uganda. Mbele zaidi iko Karamoja. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka na askari wake wakakimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi. Bunduki zikabebwa na wananchi. Wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mikuki, ukawa wa risasi. Mpaka leo serikali inazikusanya bunduki huko. Zoezi kubwa lilianza Desemba 2001, likarudi 2006, na Julai 2021 ikaanzishwa operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote.

Zingatia miaka hiyo, ndugu msikilizaji. Ghala moja liliachwa wazi mwaka 1979, na zaidi ya miaka 40 baadaye bado watu wanazikwa. Bunduki haiozi kama mahindi. Ikitunzwa na kupakwa mafuta, inaweza kuua mjukuu wa yule aliyeiiba.

SEHEMU YA PILI: MILANGO MITANO

Sasa tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Merikit ana duka la jumla. Kila wiki anasafiri na fedha. Anaona heri awe na bastola ya kujilinda. Je, anaweza kwenda tu dukani akanunue?

Hapana. Sheria ya Silaha ya Uganda ni ya mwaka 1970, na inataka mtu awe na cheti kabla ya kuwa na bunduki. Mwombaji awe ametimiza miaka 25. Asiwe mlevi. Awe na akili timamu. Awe anajua kuitumia silaha hiyo bila kuhatarisha wengine. Na ombi lake linapita milango mitano, mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza ni kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, yule wanayemwita LC 1, ndiye anayeandika barua ya kwanza na kuigonga muhuri. Anathibitisha kwamba mtu huyu ni mkazi, anajulikana, na hana tabia ya ugomvi.

Mlango wa pili ni gombolola. Hapa yupo afisa usalama, ambaye watu humwita GISO. Anachunguza kwa njia zake: fedha za mtu huyu zinatoka wapi, anatembea na nani, ana kesi gani.

Mlango wa tatu ni wilaya. Mkuu wa polisi wa wilaya na afisa usalama wa wilaya wanatazama kumbukumbu zao na kusema ndiyo au hapana.

Mlango wa nne ni kamanda wa polisi wa mkoa.

Mlango wa tano uko Kampala, kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya mwisho ya kutoa cheti.

Baada ya milango hiyo mitano ndipo mtu anaweza kwenda kwa muuzaji. Na muuzaji naye si mtu yeyote tu. Lazima awe na leseni ya kuuza silaha, na lazima atunze daftari. Kila bunduki inayoingia na kutoka inaandikwa: aina, namba iliyochongwa kwenye chuma, jina la mnunuzi, namba ya cheti chake. Risasi pia zinahesabiwa. Muuzaji akimuuzia mtu asiye na cheti, yeye mwenyewe ni mhalifu. Polisi wakitaka kulikagua daftari, hana haki ya kulificha.

Kenya nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Kuna Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, na maduka ya silaha husajiliwa na kutakiwa kutunza kumbukumbu za mauzo. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Kenya iliamuru kila raia mwenye leseni ya bunduki ajitokeze ahakikiwe upya. Zoezi liliendelea hadi 2019. Maana yake ni kwamba leseni si hati ya shamba ambayo ukiipata umeipata. Mtu aliyefaa miaka kumi iliyopita huenda leo amekuwa mlevi, au amezoea kumpiga mkewe, au ana kesi ya kumtishia jirani. Kwa hiyo anatazamwa tena.

Jambo moja zaidi. Cheti cha Kenya hakivuki mpaka peke yake. Mtu mwenye bastola halali upande wa Busia ya Kenya akivuka nayo hatua 20 tu kwenda Busia ya Uganda bila kibali cha Uganda, tayari amevunja sheria.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: KWA NINI MLANGO WA KWANZA NDIO MKUBWA

Utasema, lakini Kampala ndiyo yenye uamuzi wa mwisho. Kweli. Lakini jiulize: afisa aliye Kampala anamjua vipi mtu wa Merikit? Anaona karatasi. Karatasi haina macho mekundu ya pombe. Haina sauti ya mke anayelia usiku. Haijui kwamba mwaka jana mtu huyu aligombana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba na kuapa kwamba ipo siku.

Anayejua hayo ni jirani, na baada ya jirani ni mwenyekiti wa kijiji. Kamati ya LC 1 ina wajumbe 10, na mmoja wao ni katibu wa usalama. Wanawake wa kijiji wana mwakilishi wao ndani ya kamati hiyo. Mambo ya nyumbani ambayo hayafiki polisi, mara nyingi kamati imeshayasuluhisha mara mbili tatu. Mwenyekiti akikataa kugonga muhuri kwa sababu anamjua mtu wake, huenda amezuia msiba ambao hakuna atakayeusikia, kwa kuwa haukutokea.

Lakini tusidanganyane. Muhuri huo unaweza pia kununuliwa. Mwenyekiti anaweza kuwa shemeji wa mwombaji. Anaweza kupewa chai. Anaweza kuogopa, kwa sababu mwombaji ni tajiri na yeye ni maskini. Muhuri uliotolewa kwa chai unaifanya milango minne inayofuata kuwa dhaifu, maana kila afisa anaanza kwa kuiamini barua ya kijiji. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mwenyekiti peke yake. Kamati ikikaa, na wanawake wakisikilizwa, ni vigumu zaidi mtu mmoja kuuza usalama wa kijiji kizima.

Fahamu pia kwamba wenyeviti na halmashauri za gombolola hawatoi leseni. Sheria ya silaha ni ya taifa. Lakini wana vitu vitatu mikononi: barua ya kwanza, habari za kila siku, na vikao vya usalama vya wilaya, ambako viongozi wa upande huu wa mpaka wanaweza kuzungumza na wenzao wa upande wa pili. Kwa wilaya za mpakani kama Tororo na Busia hilo ni muhimu, kwa sababu mhalifu anayejua kwamba polisi wa nchi mbili hawasemezani hupiga risasi upande mmoja na kulala upande mwingine.

SEHEMU YA NNE: ALAMA YA KIDOLE YA BUNDUKI

Huenda umesikia watu wakisema Uganda "inachukua alama za vidole za bunduki". Wengine wanacheka. Bunduki ina kidole?

Iko hivi. Risasi ina sehemu mbili: kichwa kinachoruka, na ganda la shaba linalobaki. Bunduki inapofyatuliwa, chuma cha ndani kinalikwaruza ganda na kichwa hicho. Mikwaruzo ya bunduki moja haifanani na ya nyingine, hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja. Wataalamu huifyatua bunduki mahali salama, huokota ganda, na kuhifadhi picha ya mikwaruzo yake pamoja na namba ya bunduki na jina la mwenye nayo. Baadaye mtu akiuawa na ganda likiokotwa barabarani, linalinganishwa na picha hizo.

Mwezi Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi, Rais Museveni alihutubia Bunge la Uganda na kutangaza hatua za usalama. Mojawapo ilikuwa hiyo: bunduki zote zichukuliwe alama. Faida yake ni kwamba mwenye bunduki halali anajua kuwa akiikodisha kwa jambazi usiku mmoja, ganda litamtaja yeye.

Kwa nchi zetu kuna pia makubaliano ya pamoja. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi. Kongo imo, Burundi imo, Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na nyingine. Ilianza kutumika mwaka 2006, na inasimamiwa na kituo kinachoitwa RECSA, chenye makao Nairobi. Nchi hizo zilikubaliana kwamba kila bunduki ichongwe alama, isajiliwe, itunzwe mahali salama, wauzaji na madalali wadhibitiwe, na raia wasimiliki kabisa bunduki za kivita kama AK-47. Bunduki zinazokamatwa au kusalimishwa ziharibiwe. Novemba 2016, pale Ngong karibu na Nairobi, Kenya ilichoma moto silaha 5,250 kwa mkupuo mmoja.

Ukisikia hayo unaweza kudhani kazi imekwisha. Bado. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2018 kwamba duniani kuna bunduki zaidi ya bilioni moja, na kati ya hizo milioni 857 ziko mikononi mwa raia. Kila moja inahitaji mtu wa kuilinda na mahali pa kuifungia.

Na kufungia ndiko wengi wanakoshindwa. Mwezi Mei 2023 mkopeshaji fedha aliuawa kwa risasi ofisini kwake jijini Kampala. Aliyekamatwa alikuwa askari polisi, na alikamatwa Busia. Polisi wenyewe walieleza kwamba askari huyo alikuwa amekatazwa kushika bunduki kwa sababu ya maradhi ya akili, na kwamba bunduki aliyotumia ilikuwa ya mwenzake. Tafadhali tusielewane vibaya: wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru yeyote. Funzo la kisa hiki ni lingine. Amri ilikuwepo na karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kufuli.

SEHEMU YA TANO: NA WEWE KAMBINI?

Sasa turudi kwako, ulipo Kakuma, Dadaab, Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu au kwingineko.

Kambi au makazi ya wakimbizi ni mahali pa raia. Ndivyo sheria za hifadhi zinavyotaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema wakimbizi wakae umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi yao, na unakataza mkimbizi kuishambulia nchi yoyote mwanachama wa umoja huo, hasa kwa silaha. Ndiyo maana mpiganaji akivuka mpaka anapokonywa silaha na kutengwa na raia. Novemba 2013, wapiganaji wa M23 waliposhindwa Kivu na kukimbilia Uganda, hawakupelekwa Nakivale. Walipokonywa silaha, na baadaye wakawekwa Bihanga, mbali na familia za wakimbizi.

Utaratibu huo unakulinda wewe. Siku kambi ikijulikana kuwa na bunduki, inakuwa shabaha. Waliokufukuza nyumbani wanapata sababu ya kukufuata. Majirani wenyeji, ambao jana walikuuzia ndizi na kukuazima jembe, wanaanza kukuogopa. Polisi wanaanza kusaka nyumba hadi nyumba. Na wenye kupoteza kwanza ni wale ambao hawakuwa na bunduki.

Tunajua hofu iliyopo. Wapo wanaosema, "Nilikotoka, mwenye bunduki ndiye aliyebaki hai." Wapo wenye kibanda cha simu au cha chakula ambao wameshavamiwa mara mbili na polisi wakafika asubuhi. Hofu hiyo ni ya haki, na hatutakuambia usiogope. Lakini tazama hesabu. Bunduki ya gizani haikupita mlango hata mmoja kati ya ile mitano. Hujui ilimuua nani jana. Ganda lake likilingana na la mauaji ya mjini, wewe ndiye unayekutwa nayo, na utamweleza nani kwamba uliinunua juzi? Na ndani ya kibanda cha turubai, utaifungia wapi mtoto asiione?

Ukikutwa na silaha bila cheti, utashtakiwa kwa sheria za nchi uliyoko, sawa na mwenyeji, na adhabu yake inaweza kuwa miaka mingi gerezani. Kusema "nilikuwa namwekea mtu tu" hakutakuokoa. Kosa ni la mtu mmoja mmoja, si la kabila wala la familia nzima, lakini familia ndiyo itakayobaki bila baba au mama.

SEHEMU YA SITA: LILE GUNIA

Tulisema tutarudi mlangoni kwako. Gunia liko mikononi mwa kijana, saa nne usiku. Fanya hivi.

Kataa bila kelele. Huna haja ya kumwambia kwamba umejua kilichomo. Sema, "Mwanangu, nyumba yangu ni ndogo na nina watoto, sina nafasi." Usimtishe kwamba utamripoti. Mwache aondoke. Uhai wako kwanza.

Kama ameshaliacha, au umelikuta nyuma ya choo, au watoto wameona chuma porini walipokwenda kuni, usiguse. Usijaribu kuifungua wala kutoa risasi. Usiibebe kwenda polisi, hata kwa nia njema. Mtu anayeonekana usiku na bunduki begani hana muda wa kujieleza. Ondoa watoto, kumbuka mahali, kisha mtafute mtu unayemwamini.

Mtu huyo anaweza kuwa polisi wa kambi. Anaweza kuwa ofisi ya kamanda wa makazi, kama uko Uganda, au kiongozi wa bloku, kama uko Kakuma. Anaweza kuwa afisa wa ulinzi wa UNHCR au wa shirika linaloshughulikia ulinzi. Kama unamwogopa kiongozi wa eneo lako kwa sababu ni ndugu wa kijana yule, huna lazima ya kupitia kwake. Nenda kwa mwingine. Mwambie ana kwa ana, usimwambie mbele ya watu, wala usitume sauti kwenye kundi la WhatsApp. Mwulize, "Jina langu litaandikwa wapi? Nani ataliona?" Una haki ya kuuliza kabla ya kusema. Kukiwa na hatari ya papo hapo, namba za dharura za polisi Kenya na Uganda ni 999 na 112.

Na kama bunduki ni ya kwako? Huenda ulivuka nayo zamani, ukaifukia, na tangu hapo hulali vizuri. Usiichimbue kwanza. Nenda mikono mitupu kwa afisa wa ulinzi au wakili wa msaada wa kisheria, ueleze, uulize njia ya kuisalimisha. Serikali zetu mara kwa mara hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, lakini kila msamaha una eneo lake na muda wake. Uliza kama upo mahali ulipo, na uombe msaidizi wa kukusindikiza.

Na kama wewe ni kiongozi, mwenyekiti wa baraza la wakimbizi au mzee wa bloku, basi wewe ndiye mlango wa kwanza wa kambi yako. Mtu akikuletea habari ya silaha, usimtaje jina. Usiitishe mkutano. Ipeleke mahali panapohusika siku hiyo hiyo. Watu wakiona kwamba aliyekuambia jambo Jumatatu ametishwa Jumanne, hakuna atakayekuambia tena.

(Muziki unaingia polepole.)

Ndugu msikilizaji, mfanyabiashara wetu wa Merikit anasubiri barua zake, na pengine hatapata cheti. Pengine atalalamika kwamba njia ni ndefu. Njia ni ndefu kwa makusudi. Wale wanaotaka njia fupi ndio wanaobisha usiku wakiwa na gunia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Moja. Katika eneo lenu, nani anafahamu tabia za watu kama mwenyekiti wa kijiji anavyofahamu za watu wa Merikit? Je, wanawake wanasikilizwa naye?

Mbili. Mtoto akiokota risasi au chuma asichokijua, je, anajua la kufanya? Nani atawafundisha watoto wa bloku yenu, na lini?

Tatu. Mtu akitaka kuripoti silaha bila kujulikana, anaweza kupita wapi hapa kwetu? Kama njia hiyo haipo, tumwombe nani aiweke?

Nne. Wenye vibanda wanaovamiwa wanaweza kujilinda vipi pamoja bila silaha: taa, filimbi, zamu za usiku, kuomba doria?

Andikeni majibu yenu, mkamkabidhi msimamizi wa kikundi. Msitaje majina ya watu.

Hapo ndipo tunapoishia leo. Mlale salama.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)